MFUPA ULIOOTA BILA HODI

MSOMAJI wangu, leo naomba uniwie radhi. Wiki hii sina habari za mapenzi, wala sina siri ya kumtambua mwanamume tapeli kwa kumtazama viatu. Nina habari za mfupa. Tena si mfupa wa supu, bali ni mfupa ulioota katikati ya nyama ya kaka yangu wa tumbo moja, mahali ambapo Mungu hakuuweka, na inawezekana kabisa kwamba anayeandika makala hii ndiye aliyeufungulia mlango.

Mambo yalianza mwaka juzi, kama wiki moja kabla ya Idi. Kaka yangu, ambaye nyumbani kwetu Tandika tunamwita Braza tu, ni fundi cherehani. Si unajua tena mafundi na Idi! Wateja wamelipa nusu, vitambaa havijakatwa, na kila anayepita mlangoni anaacha neno, "Fundi, kesho nakuja kuchukua." Braza akakimbia Kariakoo kununua zipu na bitana, akarudi na daladala, akakaa siti ya mbele kabisa pembeni mwa dereva, ile tunayoigombea sisi vijana wa mjini kwa ajili ya upepo. Njiani daladala ikaingia nyuma ya lori lililosimama.

Haikuwa ajali ya kutangazwa redioni. Abiria wengi walijikung'uta wakashuka, wengine wakamdai konda awarudishie nauli. Braza hakushuka. Goti lake lilikuwa limegonga dashibodi, na cha ajabu goti lenyewe lilikuwa na mchubuko tu. Kilichovunjika kilikuwa huku nyuma, kwenye nyonga.

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba ajali za siti ya mbele ndivyo zilivyo. Mtu akiwa amekaa, paja lake limelala mbele yake kama mchi. Goti likigongwa, mchi unasukumwa kinyumenyume, na kile kichwa cha mviringo kilicho juu ya mfupa wa paja kinapasua ukuta wa kikombe kilichokishika. Kikombe hicho ndiyo nyonga. Cha Braza kilipasuka ukuta wa nyuma.

Akalazwa katika hospitali moja ya hapa jijini ambayo sitaitaja, maana watu wake walimpasua vizuri na sina ugomvi nao kwa hilo. Walimfungua kwa nyuma, wakatenganisha minofu ya makalio, wakapanga vipande vya mfupa, wakavibana kwa sahani ya chuma na skrubu. Siku ya kuruhusiwa tukapewa magongo, tarehe ya kurudi, na vibahasha vitatu vya dawa. Kimoja kiliandikwa kwa kalamu ya bluu: INDO 1×3.

Kwa asiyejua, indo ni indomethasini. Ni ndugu wa brufeni na diklofenaki, katika ule ukoo wa dawa za kutuliza uvimbe na maumivu. Ni dawa ya siku nyingi, ilianza kutumika miaka ya 1960, na haina bei ya kutisha. Nikamuuliza aliyetukabidhi, "Hii ya nini, dada?" Akajibu huku akiita mgonjwa mwingine, "Ya maumivu na uvimbe. Moja mara tatu, baada ya chakula." Hakusema uongo. Ila aliacha sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo iliyotugharimu.

Vidonge vilikuwa 42, yaani vya wiki mbili. Braza alivinywa siku nne. Siku ya tano akasema kichwa kinamuuma na tumbo linawaka moto, na zaidi ya hayo, mguu haumuumi tena kihivyo. Mimi, ambaye elimu yangu ni kidato cha nne na biolojia nilipata D, nikajifanya dokta wa mtaa. Nikamwambia, "Braza, dawa za maumivu zinaua figo. Kama huumwi, unakunywa za nini? Acha." Akaacha.

Sasa vidonge thelathini vya bure katika nyumba ya wapangaji havikai, asikwambie mtu. Bibi wa chumba cha uwani, muuza vitumbua, alikuwa na mgongo. Nikampa kumi. Kijana wa bodaboda alikuwa na bega, akachukua sita. Dingi yetu alipokuja kumwona mgonjwa alilalamikia goti, akaondoka na nane. Vilivyobaki sijui viliishia wapi. Nilijiona mtu mwema mno wiki ile. Bibi aliporudi siku ya nne kulalamika kwamba tumbo linamchoma, nilimwambia apunguze pilipili.

Wiki ya tano hivi, nyonga ya Braza ikaanza kuwa ngumu. Asubuhi ndiyo usiseme, alikuwa anaamka kama mlango wenye bawaba za kutu. Juu ya paja pakavimba kidogo, pakawa pa moto ukipagusa. Tukarudi hospitali, wakahofia usaha, wakahofia damu kuganda mguuni, wakapima wakakuta si hiki wala si kile. Wakasema afanye mazoezi. Mtaani nako wataalamu hawakukosekana. Akaletwa mzee mmoja mkandaji mwenye sifa zake, akaja na mafuta, maji ya moto na mikono kama koleo. Alimkunja Braza mguu mpaka jamaa akapiga kelele majirani wakatoka. Tukamlipa na nauli juu.

Mwezi wa tatu ikapigwa eksirei nyingine. Nilikuwepo. Daktari huyu alikuwa mwingine, mtu mzima wa makamo, mpole, anayeongea taratibu kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kula. Akaitundika ile picha kwenye taa, akanionyesha sahani, skrubu, na ule ukuta uliokuwa umepasuka, ambao ulikuwa unaunga vizuri. Halafu akanionyesha kitu kama wingu jeupe kilichoanzia pembeni ya fupanyonga kikashuka kuelekea juu ya paja. "Hii unaiona?" Nikasema naiona, dokta, ni nini? Akasema, "Mfupa."

"Mfupa upi?"

"Mpya. Umeota kwenye msuli."

Lahaula! Nilidhani ananitania. Nilijua mti unaota, jino linaota, na meno ya dhahabu yanaotea wenye pesa. Lakini mfupa kuota ndani ya nyama, kama muhogo, sikuwahi kusikia.

Daktari akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanirudia nikiwa nimelala. "Zile indo alimaliza?"

Ngoja kwanza nikueleze jinsi jambo lenyewe linavyotokea, maana mimi nilielezwa mara tatu ndipo nikaelewa, na nimelitafutia mfano wangu mwenyewe.

Fikiria kituo cha daladala cha Mbagala asubuhi. Ndani ya misuli yetu kuna chembechembe changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini maishani, kama vijana tuliomaliza shule tukakaa kijiweni. Zinaweza kugeuka msuli, mafuta, kovu, au mfupa. Msuli ukichanwa, kwa kisu cha daktari au kwa ajali, mwili unatoa kemikali za kuita msaada. Moja ya kemikali hizo inaitwa prostaglandini. Hao ndio wapiga debe. Wanasimama pale jerahani wanapiga kelele, "Mfupa, Mfupa, Mfupa, wawili tu tunaondoka!" Na zile chembechembe za kijiweni, kwa kukosa pa kwenda, zinapanda. Kwenye mfupa uliovunjika hilo ni jema, ndivyo mfupa unavyounga. Balaa ni pale zinapopanda chembechembe zilizo ndani ya msuli.

Indo kazi yake ni kumziba mdomo mpiga debe. Inazuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, debe linanyamaza, na abiria wengi hawapandi gari lile. Maumivu kupungua ni faida ya pembeni tu, kwa sababu prostaglandini hizo hizo ndizo zinazochokonoa mishipa ya maumivu. Kwa hiyo Braza alipoona haumwi akadhani dawa imemaliza kazi, kumbe kazi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa imeanza.

Na hapa ndipo penye siri ya muda. Magari hayo yanajaa mapema sana. Chembechembe zinaamua hatima yao ndani ya siku chache za mwanzo baada ya kisu. Ndiyo maana dawa huanzishwa ndani ya saa 24 hivi za upasuaji. Ukianza kuinywa mwezi wa pili, baada ya kuona wingu kwenye eksirei, utakuwa unamkimbilia konda aliyeshavuka daraja. Dawa haiyeyushi mfupa ulioota.

Tatizo lenyewe si geni hata kidogo. Mwaka 1918, vita vya kwanza vya dunia vikielekea ukingoni, daktari mwanamke wa Ufaransa, Augusta Dejerine-Klumpke, pamoja na mwenzake Ceillier, waliandika kuhusu askari waliopigwa risasi za uti wa mgongo wakapooza, kisha wakaotwa na mifupa kuzunguka nyonga na magoti. Mpaka leo waliopooza, walioumia vichwa vibaya na walioungua sana wako kwenye hatari hiyo. Askari wa Marekani waliokatika viungo kwa mabomu Iraki na Afghanistani, zaidi ya nusu yao walikutwa nayo. Hata wachezaji mpira inawapata. Unapigwa daruga la paja, damu inavilia, badala ya kupumzisha unakandwa na kukandwa, baada ya wiki kadhaa kuna kitu kigumu ndani ya paja. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka yule mzee wetu wa mafuta. Daktari hakusema kwamba yeye ndiye aliyeleta mfupa. Alisema tu kwamba msuli ulioumia haupendi kulazimishwa, na kwamba mazoezi ya nyonga mgonjwa ayafanye mwenyewe, polepole, kwa nguvu zake mwenyewe.

Lakini kilicholifanya jambo hili kuwa maarufu ni nyonga za bandia. Mwingereza John Charnley alianza kuweka zile nyonga zake za chuma na plastiki mwaka 1962, na operesheni hiyo ikasambaa dunia nzima. Ndipo madaktari wakaanza kuona mawingu kwenye eksirei za watu waliokwishapona. Mwaka 1973 daktari wa Marekani aitwaye Brooker na wenzake wakayapanga kwa madaraja manne, na mpaka leo ndiyo yanayotumika. Daraja la kwanza ni visiwa vidogo vya mfupa ndani ya nyama, wengi hawajui hata kama wanavyo. La pili ni vichokoo vinavyotoka juu na chini lakini vimeachana sentimita moja au zaidi. La tatu vimesogeleana, nafasi haifiki sentimita moja. La nne vimekutana, na kiungo ni kama kimepigwa kufuli.

Braza alikuwa la tatu.

Sitaki kukutisha, msomaji. Wengi wanaopasuliwa nyonga hawafiki huko. Wanaume wanapatwa kuliko wanawake, na yule aliyewahi kuota mara moja ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote. Kuna pia wenye ugonjwa ule wa uti wa mgongo kukakamaa na kuwa kama mti wa mwanzi. Na upasuaji wa kupitia nyuma kwa mtu aliyevunjika kikombe, kama Braza, nao unaingia kwenye orodha kwa sababu misuli inaumia mara mbili, kwanza kwa ajali, kisha kwa kisu.

Miaka ya 1970 daktari mmoja wa Norway ndiye aliyegundua kwamba wagonjwa wake waliokunywa indo baada ya kuwekewa nyonga hawaoti mifupa kama wengine. Baada ya hapo yakafanywa majaribio, na ikawa desturi sehemu nyingi: miligramu 25 mara tatu kwa siku, wiki sita. Wengine wakapunguza mpaka wiki mbili, wengine hata chini ya hapo.

Sasa usije ukadhani hapa pana ushindi wa moja kwa moja. Mimi nilipenda iwe hivyo, ingekuwa rahisi kuandika. Nilipomuuliza daktari, "Kwa hiyo kila anayepasuliwa nyonga anywe indo?" alicheka. Akaniambia habari za utafiti wa Australia na New Zealand uliotoka mwaka 2006. Wagonjwa 902 waliowekewa nyonga za bandia katika vituo 20, nusu wakapewa brufeni miligramu 1,200 kwa siku kwa siku 14, nusu wakapewa vidonge vitupu bila wao kujua. Mwisho wake waliokunywa brufeni kweli walioteshwa mifupa michache zaidi. Lakini ilipoulizwa nani anatembea vizuri na nani haumwi, tofauti haikuonekana! Na waliokunywa brufeni walionyesha dalili za kuvuja damu zaidi wakiwa bado wodini. Yaani picha ilipendeza, mguu ukabaki ule ule. Kwa hiyo kumpa kila mtu, kwa mujibu wa daktari wetu, ni kumlipisha mwenye hatari ndogo deni la mwenye hatari kubwa.

Kwa waliovunjika kama Braza kasheshe inazidi. Kumbuka wale wapiga debe ndio hao hao wanaoita chembechembe za kuunga mfupa uliovunjika. Ukimziba mdomo huyu unamziba na yule. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani walitoa hesabu za watu waliovunjika kikombe cha nyonga na wakati huo huo wamevunjika mfupa mrefu mwingine, tuseme paja au mkono. Kati ya waliopewa indo, mifupa mirefu ilikataa kuunga kwa asilimia 26. Kwa wasiopewa, ilikuwa asilimia 7. Mwaka 2014 ukatoka utafiti mwingine uliopima siku tatu, wiki moja na wiki sita, ukaona kwamba wiki sita zinaongeza kutounga kwa ule ukuta wa nyuma wa kikombe, na kwamba wiki moja pengine inatosha. Wapo madaktari hivi sasa ambao mgonjwa kama Braza hawampi kabisa, na wapo wanaompa, na wote wana sababu.

Ndiyo maana nikamshikilia yule daktari. Nikamuuliza kwa Kiswahili chepesi, "Dokta, kama asingeacha zile indo, mfupa usingeota?"

Alivua miwani. Akasema, "Kijana, siwezi kukwambia hivyo. Wapo waliomaliza dozi wakaota. Wapo ambao hawakunywa hata kimoja wakawa salama. Dawa ingempunguzia uwezekano. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Unajua, msomaji, kuna wakati mtu unatamani uhukumiwe tu. Angesema "ndiyo" ningelia, yangekwisha. Angesema "hapana" ningekwenda zangu kunywa soda. Aliniacha katikati, na katikati ndipo nilipo mpaka leo.

Akachukua kitu kama protrakta, ile ya mkebe wa hesabu ila kubwa yenye mikono miwili, akaiweka kwenye nyonga ya Braza. "Kunja." Braza akakunja, jasho likamtoka. Nyuzi 50. Mtu mzima wa kawaida anakunja nyonga kama nyuzi 120. Kukaa tu kwenye kiti cha kawaida kunataka kama 90.

Fanya hesabu mwenyewe. Cherehani ya miguu inataka ukae sawasawa, goti likunjwe, unyayo upige pedali. Braza hakuweza kukaa. Alikuwa anaegemea stuli ndefu, akikata vitambaa kwa kusimama, na kushona akamwachia kijana wa kuajiri, ambaye mishono yake wateja waliirudisha. Nyumba yetu choo ni cha shimo. Kuchuchumaa ilikuwa ndoto, ikabidi tununue kiti cha plastiki tukikate katikati kwa kisu cha moto. Aliswali kwa kuegemea ukuta. Viatu nilimvalisha mimi, kama mtoto wa chekechea, yeye aliyenifunga mimi kamba za viatu siku yangu ya kwanza shuleni. Na alikuwa na mchumba, msomaji. Aliendelea kuja, sitaki kumsingizia mtoto wa watu, ila mazungumzo ya mahari yaliingia ubaridi. Familia ya kule ilitaka kujua kwanza huyu fundi atakaa lini.

Usiku ule nilimwambia Braza kila kitu. Kwamba vile vidonge havikuwa vya maumivu peke yake. Kwamba mimi niliyemwambia aache sikujua ninachosema. Kwamba vingine nilivigawa kama pipi. Alikuwa ameegemea meza ya kukatia, mkasi mkononi. Alinyamaza muda mrefu nikasikia hata feni ya jirani. Halafu akasema, "Dogo, mwenye mdomo nilikuwa mimi. Wewe uliongea tu." Hayo ni maneno ya kiungwana, lakini usidhani yalimaliza mambo. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu aliniita nimvalishe viatu.

Mfupa wa namna hii haukimbiliwi. Wangeutoa ungali mchanga ungevuja damu na kurudi haraka, ndivyo alivyotuambia, ingawa siku hizi wapo wanaotoa mapema zaidi. Kwake ilibidi tusubiri ukomae, kingo zake kwenye eksirei zionekane zimekazana kama ukuta uliopigwa lipu. Zaidi ya mwaka! Katika kusubiri huko Braza alikwenda fizio kila wiki asipoteze hata zile nyuzi 50 alizobaki nazo.

Alipasuliwa tena mwaka huu. Mfupa uliotolewa nilionyeshwa kwenye sahani ya chuma: vipande vyeupe vyenye damu, mkubwa kuliko wote ulikuwa kama kidole gumba cha mtu mzima. Mfupa kabisa, si mfano wa mfupa.

Sasa mtu aliyekwisha kuota mara moja ndiye wa kwanza kuota tena, kwa hiyo safari hii kinga haikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa kinga gani. Ipo njia ya mionzi, pigo moja tu la dozi ndogo, kabla ya upasuaji au ndani ya siku tatu baada yake. Inafanya kazi nzuri na haihitaji mgonjwa kukumbuka chochote. Mashine zake hapa Dar ziko Ocean Road kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, na kwa kijana ambaye hajazaa daktari hakuipenda sana mionzi karibu na sehemu zile. Akachagua indo. Na kwa kuwa kikombe kilikuwa kimeshaunga zamani, ile hofu ya mfupa kukataa kuunga haikuwepo tena. Wiki sita kamili, vidonge 126.

Safari hii tulikaa kitako tukaelezwa. Kwanza walimpima figo na presha, wakamuuliza kama ana vidonda vya tumbo. Akapewa omeprazo ya kulinda tumbo, kila asubuhi kabla ya kula. Akaambiwa asichanganye na diklofenaki wala aspirini hata kichwa kikigonga, maana ni ndugu hao, wakikutana ni kupigana tumboni mwako. Akiona choo cheusi kama lami, au akitapika damu, asingoje kesho. Nikataja ile habari ya bibi wa vitumbua na vidonge vyangu kumi. Daktari alinitazama tu. Mzee wa umri ule, tena anayemeza dawa za presha, ni mtu ninayeweza kumtoboa tumbo kwa wema wangu. Niliporudi nilimwomba radhi. Akasema lile tumbo lilitulia zamani, alipovitupa.

Kwa hiyo sasa hivi mimi ndiye polisi wa dawa. Nimebandika kalenda ya duka la vipodozi ukutani, kila siku ina vistari vitatu. Saa moja asubuhi baada ya chai, saa tisa alasiri baada ya ugali, saa tano usiku na mkate. Kichwa kinamgonga wiki za mwanzo, indo ndivyo ilivyo, akalalamika, nikamwambia tutampigia dokta kwanza kabla ya kuacha chochote. Tukampigia. Akasema endeleeni. Wiki ya pili baada ya kisu Braza alikunja nyuzi 80. Juzi fizio walipima 95. Alikaa kwenye cherehani robo saa, akashona ukosi wa shati, akausogeza pembeni na kuutazama kana kwamba umeshonwa na mtu mwingine. Eksirei ya kujua kama wingu limerudi ni mwezi ujao.

Jana jioni yule bibi wa vitumbua akatokea mlangoni na khanga yake kiunoni.

"Wajukuu zangu, hamna tena zile za rangi mbili? Zilinichoma, lakini mgongo walahi uliacha."

"Shikamoo bibi. Zipo, ila si za maumivu."

"Kama si za maumivu, za nini?"

Nikamvutia kigoda akae. Nikaanza kumweleza habari za kituo cha Mbagala.

Leo ni siku ya 31. Vimebaki 33. Nimevihesabu mwenyewe.